Mwalimu na Ukuta wa Mbao

Soko letu la Mogogosiek lilikuwa na walimu wengi, lakini ukisema Mwalimu tu, bila kuongeza shule wala somo, watu walikuelekeza kwenye jengo la mabati karibu na posho mill ya kusaga mahindi, mlango wa pili. Mlango wa kwanza ulikuwa wangu. Nilikuwa fundi wa nguo, msichana wa miaka ishirini na miwili, niliyeachia shule kidato cha pili, mwenye cherehani moja ya miguu na ndoto nyingi kuliko vitambaa. Kati yetu kulikuwa na ukuta wa mbao zile za pembeni mwa gogo, zisizonyooka. Mahali pengine kidole kingepita.

Nilikaa ubavuni mwake hivyo miaka minne, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Wengine wanamkumbuka kwa sababu ndiye mtu wa kwanza kuleta kompyuta soko letu. Mimi namkumbuka zaidi kwa asubuhi moja ambayo harusi ya mtu ilitaka kuvunjikia kwenye ule ukuta. Alizaliwa wapi, baba yake alikuwa nani, hayo sikuuliza. Hakuwa mtu wa kuulizwa.

Alikuwa na koti moja la kahawia. Viwiko nilivitia viraka mara tatu, na kila mara alilileta limefungwa vifungo vyote, kana kwamba yeye bado yuko ndani. Jumamosi alichuma majani chai yake mwenyewe akiwa amelivaa hilo hilo. Wanawake wa shamba la jirani walimcheka.

"Mwalimu, unaenda ofisi ama unaenda kuchuma?"

"Chai haijali koti," aliwajibu, na mikono yake haikusimama. Alichuma haraka kuliko wote, kwa vidole vyote kumi, kwa sababu kabla ya kompyuta alikuwa amefundisha kupiga taipu Kericho mjini miaka mingi. Lakini chai yenyewe hakunywa. Alikunywa maji moto kwa glasi, bila kitu. Ukimuuliza sababu alisema ameiona vya kutosha.

Mambo yake mengi yalikuwa hivyo, huku yanakwenda na huku yanarudi. Kanisani yeye ndiye aliyesoma Neno, na sauti yake ilifika mpaka kwa watu waliofunga ng'ombe nje. Lakini kazini alihubiri ukimya. Nikishona sana aligonga ukuta mara tatu.

"Fundi! Hiyo cherehani inaumwa? Ipumzishe kidogo!"

"Mwalimu, si mimi, ni sketi za shule. Shule inafunguliwa Jumatatu."

"Basi shona polepole. Shona kama mtu anayefikiri."

Hakuniita kwa jina hata siku moja. Fundi tu. Na mimi sikuudhika, maana alilitamka kama watu wanavyotamka Daktari.

Alikuwa na misemo. Mmoja alinifundisha mimi, siku niliyokuwa nampigia kelele mteja aliyekataa kipimo. Alipita mlangoni akasema, "Ndama wa ndoo hafundishwi kwa kelele. Unampa kidole kwanza." Kila mtu aliyefuga kwetu anajua hilo: unachovya kidole kwenye maziwa, ndama ananyonya kidole, unashusha mkono taratibu mpaka mdomo unafika ndani ya ndoo. Yeye alifundisha kompyuta vile vile. Vijana watatu walikuja kwake, wamemaliza kidato cha nne bila kupata pa kwenda, wakitaka kujua kutengeneza programu. Mmoja mrefu walimwita Injinia, na yeye aliitika kana kwamba ameshahitimu.

"Programu," Mwalimu aliwaambia, na mimi nikasikia kila neno, "ni kama kumtuma mtoto mjinga dukani. Usipomwambia arudi, atalala huko huko."

Sikuwa mwanafunzi wake, lakini nilijifunza mengi bila kulipa karo, kwa sababu ya zile mbao. Wakati mwingine nilishona huku nikijiona niko Nairobi, kwenye ofisi yenye zulia, ninaiambia mashine maneno matatu na inanishonea gauni. Ndoto haina ushuru.

Kompyuta yake ilikuwa moja, ya rangi ya maziwa yaliyolala. Halafu mmisheni fulani aliyekuwa anarudi kwao akamwachia vitu viwili, na vitu hivyo ndivyo vilivyoanzisha hadithi yote. Cha kwanza kilikuwa skana, bapa kama sanduku la mashati. Unaweka karatasi, taa inapita, na programu yake inatambua herufi na kuziandika tena kwenye kompyuta. Cha pili kilikuwa disketi nyingi kwenye kasha, pamoja na maikrofoni ya kuvaa kichwani. Hiyo ulikuwa unaiambia neno, inaliandika.

Mwalimu aliandika ubaoni: MACHO AU MASIKIO? Ubao ulikaa na hayo maneno wiki nzima. Aliwaambia vijana kwamba mtu anayetengeneza programu lazima achague mapema mashine yake iingize maneno kwa mlango gani, kwa kusoma au kwa kusikia, kwa sababu akishajenga nyumba kuhamisha mlango ni taabu.

Injinia alikuwa upande wa masikio. "Mwalimu, macho ni ya zamani. Kuongea na mashine, hiyo ndiyo maendeleo! Hata mama yangu anaweza, na hajui kuandika."

"Mama yako anajua Kiingereza?"

"Hapana."

"Mashine inajua Kikipsigis?"

Vijana wengine wakacheka. Injinia akasema mashine itajifunza tu.

"Maandishi yakiwa ya chapa, chagua macho," Mwalimu alisema. "Mkiwa na mtu mmoja, sauti moja, chumba kimya, chagua masikio. Mkikosa yote, chagueni kalamu."

Walijaribu vyote. Skana ilisoma gazeti vizuri mpaka wakapiga makofi. Ile ya kusikia ilikuwa na maringo. Ilitaka neno moja, kimya, neno lingine, kimya. Ilitaka sauti ya mtu mmoja aliyeifundisha yeye mwenyewe. Na ilitaka asubuhi. Kwetu mvua inakuja karibu kila mchana baada ya saa nane, na mvua ya huku Konoin juu ya mabati haikuachii hata mawazo yako. Ikianza, mashine iliandika yenyewe. Mwalimu amekaa kimya, mdomo umefungwa, na maneno ya Kiingereza yanatoka tu moja baada ya lingine kwenye kioo. "Inaandika mvua," alisema, na hiyo ndiyo mara moja niliyomsikia akicheka peke yake.

Alianza kuifundisha majina ya watu wetu na ya vijiji vyetu. Miezi miwili, kila asubuhi. Mimi nilishona asubuhi kwa mkono, pindo na vifungo, na cherehani niliiacha mpaka mvua.

Kazi ikaja. Zahanati moja ndogo ya upande wa Kimulot ilikuwa na kadi za akina mama za miaka mingi, na panya walikuwa wameanza kuzila. Sista aliyeisimamia akamwomba Mwalimu aziingize zote kwenye kompyuta. Mwalimu alilichukua jambo hilo kama wito. Aliniambia mlangoni, jambo ambalo si kawaida yake, kwamba hii ikienda vizuri zahanati zingine zitakuja, na chumba chake kitakuwa chuo kweli, na vijana watakuwa na kazi hapa hapa badala ya kwenda kuzurura. Wageni waliokuwa wakiisaidia zahanati wangekuja baadaye kuona mashine ikifanya kazi.

Alifunga kadi ndani ya sanduku la bati. Akalitia kufuli kubwa, ile ya kufungia ghala. Ufunguo akauning'iniza shingoni kwa uzi. Injinia aliomba kuona kadi moja tu, akakemewa mpaka mimi nikaona haya kwa niaba yake.

"Hizi ni siri za watu! Sista ameniamini mimi, hajaamini soko!"

Skana ilishindwa nazo. Mwandiko wa manesi ulikuwa wa haraka, wino umelowa, na kilichotoka kilikuwa nyota na mikwaju. Kwa hiyo Mwalimu akachagua masikio. Kila asubuhi alifungua ile kufuli, akatoa kadi, akafunga tena sanduku, akavaa maikrofoni, na akaisoma kadi kwa sauti.

Sijui kama unaona kilichotokea. Yeye hakuona. Mtu mwenye akili namna ile, aliyefunga karatasi kwa kufuli ya ghala, alisoma karatasi hiyo kwa ile sauti ya kanisani, neno kwa neno, kimya katikati, kwa Kiingereza cha polepole ambacho hata mtu wa kidato cha pili angekielewa. Na upande wa pili wa mbao nilikuwa nimekaa mimi na sindano.

Mwanzoni nilidhani ni majina tu. Jina, kijiji, umri. Halafu mimba ngapi, watoto wangapi wako hai, ugonjwa gani. Siku niliposikia jina la mteja wangu mmoja niliweka sindano chini. Ningemwambia. Kwa nini sikumwambia? Nilimwogopa, hiyo ni kweli. Pia nilimhurumia. Alikuwa na furaha asubuhi zile, mashine ilikuwa imeanza kumsikia vizuri, na kila ilipopata jina gumu alisema "Vyema!" kama anayempongeza mtoto. Nikafanya nilichoweza: nikaanza kuimba kidogo kidogo, akagonga ukuta, nikanyamaza. Nikajifunza kutoka nje kwa visingizio. Nilikwenda choo mara nyingi mpaka mwenye posho mill akaniuliza kama tumbo ni zima.

Sasa ile asubuhi. Nilikuwa nashona gauni la harusi la msichana mmoja aliyefundisha watoto wa nasari, mpole, wa kucheka bila sauti. Harusi ilikuwa imebaki wiki mbili. Mama wa bwana harusi akaja kuliona gauni. Tulimwita Bot Kibet, yaani mama yake Kibet. Mama mzito, wa kanisa, mwenye shingo iliyonyooka, ambaye soko zima lilijua kwamba hakuwa amempenda huyo msichana sana. Alikuwa anatafuta kasoro tangu siku ya posa.

Akakaa kwenye kiti changu, akanisalimu. "Chamgei, fundi."

"Chamgei mising, mama."

"Lete nione hiyo nguo. Kifua kiko juu? Sitaki mambo ya Nairobi mbele ya mchungaji."

Nikatandaza gauni magotini pake. Hapo hapo, nyuma ya mbao, Mwalimu akasoma jina. Jina la kwanza. Kimya. Jina la pili. Kimya. Ni la yule msichana. Halafu kijiji chao.

Baada ya kijiji ni umri, na baada ya umri ni mimba. Nilikuwa nimeshaujua ule mpangilio kama sala. Nikaruka kwenye cherehani nikapiga miguu. Hakukuwa na kitambaa, hakukuwa na uzi. Nilikanyaga tu, chuma kikalia.

Ukuta ukagongwa mara tatu. Nikaendelea.

Lakini sikuwa nimefikiri vizuri, kwa sababu mashine haikumsikia tena, na mashine isipomsikia yeye hurudia, na akirudia huongeza sauti. "Born," akasema. Kimya. "BORN!" Nikakanyaga kwa nguvu. "One! ONE!" Kadiri nilivyokanyaga ndivyo alivyopaza, na maneno yakapita juu ya cherehani kama ng'ombe wanaoruka ua: mtoto mmoja, alikufa, siku ya tatu.

Nilimtazama Bot Kibet. Alikuwa ameshika ukosi wa gauni kwa vidole viwili, anatazama ukuta.

Basi nikaimba. Wimbo wa kanisa, wa juu kabisa, kwa sauti ambayo Mungu hakunipa. Nikafika mstari wa pili nikaishiwa pumzi, na hapo Bot Kibet akaingia. Akaingia na sauti ya pili, nzito, ya kwaya ya akina mama, akapiga na makofi. Tukaimba hivyo, yeye amekaa na gauni jeupe magotini, mimi nakanyaga cherehani tupu.

Mlango wangu ukafunguliwa kwa kishindo. Mwalimu, maikrofoni bado kichwani, waya unaning'inia.

"Fundi! Hapa ni kanisa? Nimekugongea mara ngapi? Mashine imeandika takataka ukurasa mzima!"

Mimi nikaondoa miguu kwenye cherehani. Bot Kibet ndiye aliyejibu.

"Na wewe Mwalimu, si ndiye unatusomea Neno Jumapili? Leo unakataa wimbo?"

"Mama, sikukataa wimbo. Niko kazini."

"Hata sisi tuko kazini. Tunapima nguo ya harusi."

Mwalimu akaliona gauni. "Ya nani?" aliuliza, kwa adabu tu.

Bot Kibet akataja jina. Jina la kwanza na la pili, polepole, akimtazama usoni.

Nimeona watu wakipata habari za msiba. Mwalimu hakufanya kama wao. Alivua maikrofoni tu, akaikunja kwenye mfuko wa koti, akautazama ukuta wangu kutoka upande huu, ambao nadhani hakuwahi kuutazama. Akaona mwanga wa chumba chake ukipita kwenye nyufa. Akaondoka bila kuaga. Tukasikia kompyuta ikizimwa, na kufuli ikifungwa.

Bot Kibet alisimama. Akalikunja gauni vizuri kuliko mimi ningelikunja, akanipa.

"Kifua ni sawa," akasema. "Usibadilishe kitu. Na huu ukuta ni mwembamba, tia magunia. Wewe unaimba vibaya sana, mwanangu, lakini unaimba kwa wakati wake."

Sikumuuliza alisikia nini. Harusi ilifanyika siku ile ile iliyopangwa, na Bot Kibet ndiye aliyemshika bibi harusi mkono kutoka kanisani. Msichana mpaka leo hajui, au kama anajua hajaniambia.

Jioni hiyo Mwalimu alikuja na gazeti. Hakusema pole. Alisema, "Soma hapa, kwa sauti yako ya kawaida," akarudi kwake, akakaa. Nikasoma tangazo la mbolea. Akarudi akanirudishia tangazo lote, neno kwa neno, mpaka aina za magunia. Akashukuru, akaenda. Alitaka kuwa na hakika.

Kesho yake nilisikia Injinia akipinga mpaka sauti ikapanda.

"Lakini Mwalimu, miezi miwili umeifundisha! Wageni wanakuja kuiona!"

"Hawataiona."

"Na skana haisomi mwandiko!"

"Tutasoma sisi. Kwa macho, midomo imefungwa."

Ubaoni akafuta MACHO AU MASIKIO, akaandika kitu kingine ambacho nilikiona nilipopita mlangoni: KABLA YA KUULIZA MASHINE INAWEZA NINI, ULIZA UKUTA NI WA NINI. Vijana hawakuupenda msemo huo. Kwao huo haukuwa ujuzi, ulikuwa woga.

Kadi zote alizipiga mwenyewe, kwa vidole kumi, asubuhi mpaka jioni, mvua na jua. Ilimchukua wiki nyingi sana. Wageni walikuja wakakuta mzee anapiga taipu, wakasema asante, wakaenda zao. Zahanati zingine hazikuja. Injinia alikwenda Kericho, na wale wengine wakamfuata, na chumba kikabaki na mtu mmoja na mlio wa vitufe. Chuo hakikutokea. Sista alipata kadi zake zote, hakuna hata moja iliyopotea, na sidhani aliwahi kujua kwa nini zilichelewa. Mwalimu hakumweleza mtu. Mimi nilipigilia magunia ukutani, na yeye upande wake akapigilia maboksi, na tukaishi hivyo, majirani wasiosikiana.

Mwaka uliofuata nilihamia Sotik, nikapata chumba cha matofali na cherehani ya pili. Nikawa na shughuli zangu.

Nilimwona tena mwishoni mwa ile miaka ya tisini, kwenye foleni ya posta ya Sotik. Koti lilikuwa lile lile. Kiraka cha kushoto kilikuwa cha mtu mwingine, kimeshonwa vibaya. Alinijua mara moja.

"Fundi. Ndoto zinaendeleaje?"

"Zipo, Mwalimu. Zingine zimekuwa sketi."

Akatabasamu. Akaniambia kwamba siku hizi kuna mashine zinazosikia sentensi nzima bila kupumzika, amesoma kwenye gazeti. Alizisifu. Alisema hata ile yake haikuwa mbaya. Mwishoni ilikuwa inakosea maneno machache sana. Alisema hivyo kwa fahari, halafu fahari ikamtoka usoni. Foleni ilikuwa ndefu na watu walikuwa wamebanana. Nyuma yetu mama mmoja na mtoto mgongoni, mbele wazee wawili, wote wametega masikio kama watu wa foleni wanavyofanya.

Akainama karibu yangu.

"Siku zile, kabla ya wimbo. Ulisikia wangapi?"

Nilijua angeweza kuuliza siku moja. Nilikuwa nimejiandalia uongo mzuri. Lakini alinitazama kama alivyokuwa anatazama kioo chake akingoja jina gumu litoke sawa, na uongo ukanikataa. Wazee wawili mbele walikuwa wamenyamaza.

Sikufungua mdomo. Nilichukua bairo yangu, nikaandika kwenye kiganja: 11. Nikamfungulia mkono, chini, kati yake na mimi.

Alivaa miwani. Alisoma. Hakuuliza ni akina nani, hakuuliza nimemwambia nani. Alilowesha kidole gumba kwa mate, kama mtu anayetaka kufunua ukurasa, akaushika mkono wangu na kuanza kufuta. Wino wa bairo hautoki haraka. Foleni ilisonga, mama wa nyuma akatusukuma kidogo, na yeye alikuwa bado anasugua.